Majivu, Chumvi na Udongo: Siku Zangu kwa Wafinyanzi wa Aberystwyth

Alhamisi

Treni itokayo Birmingham hufika Aberystwyth kwa muda wa saa tatu hivi, na baada ya Shrewsbury, reli inapoingia Wales, matangazo ya vituo huanza kusomwa kwa Kiwelshi kabla ya Kiingereza. Katika kituo cha Machynlleth mabehewa hutenganishwa, baadhi yakaendelea hadi Aberystwyth na mengine yakafuata pwani ya kaskazini kuelekea Pwllheli, kwa hiyo abiria aliyesinzia katika behewa lisilo lake huamka mbele ya bahari ileile lakini katika mji mwingine. Mimi sikusinzia. Mkoba niliokuwa nimeupakata ulikuwa na vitu visivyotaka kubanwa: chungu kidogo cha Ikombe, na vigae vya majaribio nilivyovifunga kwenye khanga mbili.

Kwa msomaji asiyeijua, Ikombe ni kijiji cha wilaya ya Kyela kilicho mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyopakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa gulioni Matema siku ya Jumamosi. Mama mmoja wa hapo alinifundisha kuinua chungu kwa mikono mitupu miaka mingi kabla sijakalia gurudumu la kufinyangia. Siku hizi nina karakana ndogo karibu na Tukuyu, ambamo nafinyanga vikombe na sahani za kuchomwa kwa joto kali, na tatizo langu kubwa ni glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika chombo na kukizuia kisinyonye maji. Glezi za kununua huagizwa kutoka nje kwa bei inayokula faida yote. Nilikuja Wales nikiwa na daftari tupu na nia ya kurudi na mapishi.

Tamasha la Kimataifa la Ufinyanzi lilianza mwaka 1987, nalo hufanyika kila baada ya miaka miwili, wakati wa kiangazi, katika kituo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Aberystwyth. Huandaliwa na kituo hicho pamoja na vyama vya wafinyanzi wa kaskazini na wa kusini mwa Wales. Chuo kimejengwa kwenye kilima cha Penglais, juu ya Maktaba ya Taifa ya Wales, na anayepanda kwa miguu na mzigo hupata nafasi ya kutosha ya kuitazama Ghuba ya Cardigan kila anaposimama kupumua. Wageni wengi hulala kwenye mahema au katika vyumba vya wanafunzi walioko likizo. Nilipewa chumba chenye meza, nikapanga vigae vyangu dirishani.

Ijumaa

Ukumbi mkubwa ulijaa mapema. Jukwaani wafinyanzi wawili walifanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja na udongo wake, huku kamera zikiikuza mikono yao kwenye skrini kubwa, hata aliyeketi nyuma kabisa aliweza kuona kidole gumba kilipokaa ndani ya ukingo. Mpango huu wa wawili wawili ulinichanganya mwanzoni, lakini niligundua kwamba una maana: mmoja anaponyamaza ili udongo ukauke kidogo, mwenzake anakuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza.

Aliyenikamata zaidi ni mfinyanzi kutoka Korea aliyetengeneza onggi, mitungi mikubwa ya kuchachushia kabichi na mchuzi wa soya. Alisokota kamba ya udongo nene sawa na mkono wa mtu, akaizungusha juu ya kitako, kisha akaipiga kwa kibao upande wa nje huku mkono wake wa kushoto ukiwa ndani na kifaa cha mbao cha kupokea kipigo. Gurudumu lilizungushwa kwa mguu, polepole. Ukuta uliinuka na kuwa mwembamba kwa mdundo usiobadilika, na alipofika mabegani mwa mtungi hakuwa ametumia maji yanayojaza kikombe. Alieleza kupitia mkalimani kwamba udongo wa onggi una chembe za mchanga na haufunikwi hadi kuzibwa kabisa, ndiyo maana mtungi hupitisha hewa kidogo na kuusaidia uchachu. Nilifurahi kuisikia sifa hiyo ikitajwa kuwa ubora, kwa sababu mtungi wetu wa maji hupoza kwa njia inayofanana na hiyo: maji hupenya ukuta, huvukizwa na hewa, na joto huondoka nayo. Katika baadhi ya karakana za kisasa chombo kinachopenyeza maji huhesabiwa kuwa hakijaiva.

Mchana ulikuwa wa mihadhara ya glezi, nami niliandika hadi vidole vikauma. Jambo linaloshangaza katika mkusanyiko huu ni uwazi. Mtu aliyetumia miaka kuipata rangi yake ya kijani huweka vipimo vyote kwenye skrini, kwa gramu, pamoja na joto na muda wa kuchoma, na watu wanapiga picha. Ufinyanzi wa Ulaya haukuanza hivyo. Johann Friedrich Böttger, aliyeisaidia Saksonia kuipata siri ya kaure, alishikiliwa na mtawala Augustus kama mfungwa ili siri isitoke, na hata baada ya kiwanda cha Meissen kuanzishwa mwaka 1710 waliojua vipimo vya udongo na vya glezi walilindwa. Kwetu nako ujuzi una milango yake, kwa kuwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti au kwa mkwe, na mgeni huonyeshwa kazi bila kuonyeshwa mahali udongo unapochimbwa. Siulaumu utaratibu huo, maana shimo la udongo ndilo shamba la familia. Hapa Aberystwyth wengi wa wasikilizaji hawategemei vyungu kwa chakula cha kesho, na ni rahisi zaidi kugawa siri isiyokulisha.

Pishi nililoandika la kwanza ni lile maarufu linaloambatana na jina la mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach, aliyeanzisha karakana ya St Ives mwaka 1920 pamoja na Mjapani Shoji Hamada: feldispa (madini ya mwamba yanayosaidia kuyeyusha) sehemu 4, silika (madini ya mchanga mweupe) sehemu 3, chokaa isiyochomwa sehemu 2, kaolini (udongo mweupe wa kaure) sehemu 1, ukichoma hadi karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Ni rahisi kukumbuka na linafanya kazi. Kaolini tunayo, tena ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ni hazina inayojulikana hata nje ya nchi. Chokaa ipo Songwe. Feldispa na silika iliyosagwa laini ndizo zinazonikwamisha.

Jumamosi

Asubuhi nilipitia maonyesho ya mkusanyiko wa chuo, ambao ulianza kukusanywa kwa dhati miaka ya 1920 na una vyombo vya Leach, Hamada na Mwingereza mwenzake Leach, Michael Cardew. Nilisimama kwa Cardew muda mrefu. Alizaliwa mwaka 1901, akafunzwa na Leach, kisha akaenda Afrika Magharibi: kwanza Achimota, baadaye Vume kando ya Mto Volta, zote katika Ghana ya leo, na kuanzia mwaka 1951 Abuja ya Nigeria, mji unaoitwa Suleja leo, alikoanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi. Alikwenda kuwafundisha Waafrika gurudumu na glezi, kazi iliyokuwa na harufu ya ukoloni wa wakati wake, lakini kituo chake kilimpata Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari aliyekuwa tayari fundi mkubwa kabla ya kukutana naye. Ladi Kwali aliendelea kuinua mitungi yake kwa mkono na kuichora mijusi na nyoka kwa mistari iliyokwaruzwa, tofauti ikiwa kwamba sasa ilipakwa glezi na kuingizwa kwenye tanuri la joto kali. Mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew akionyesha kazi hiyo mbele ya watu, na picha yake imo kwenye noti ya Nigeria ya naira 20. Akina mama waliomfundisha yeye hawamo kwenye noti wala kwenye kibandiko chochote. Wala yule wa Ikombe aliyenifundisha mimi.

Nikiwa bado hapo, mwanamke mmoja alinitazama khanga niliyoifunga begani akasema, "Habari za huko nyumbani, kaka?" Alikuwa Mkenya wa Kisumu anayeishi Bristol na kufundisha ufinyanzi jioni. Nilimjibu kwamba nyumbani ni salama, nikamwita dada, na tangu hapo tulitembea pamoja. Naye ndiye aliyenisimulia kwa urefu juu ya mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, aliyefika Uingereza mwaka 1971, akaenda Abuja mwaka 1974 kujifunza kwa wanawake wa kituo kile, na mwaka 2020 akapewa cheo cha heshima cha Uingereza cha Dame. Vyombo vya Odundo havina glezi. Huinuliwa kwa mkono, hupakwa uji laini wa udongo, husuguliwa hadi ving'ae, kisha huchomwa. Katika hewa yenye oksijeni ya kutosha hutoka vyekundu vya machungwa, na vikichomwa tena ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vipande vya mbao, moshi huinyima chuma iliyomo udongoni oksijeni na kuvigeuza vyeusi. "Kaka, hicho ndicho walichokuwa wakifanya nyanya zetu," alisema dada yule, "ila yeye anakisimamia kwa subira isiyo ya kawaida." Nilikubali nusu. Kusugua na kufukiza ni vya nyanya zetu. Umbo linalosimama kwenye kitako kidogo hivyo bila kuyumba ni la kwake.

Uwanjani nyuma ya kituo matanuri yalikuwa yamejengwa kwa matofali mepesi, moja la kuni na jingine la chumvi, pamoja na pipa dogo la kuchomea raku. Raku ilipendwa na watoto, kwa sababu chombo hutolewa kikiwa chekundu, karibu na nyuzi 1,000, na kutumbukizwa kwenye pipa la vumbi la mbao linalolipuka moto. Mimi sikukaa hapo sana. Ni tamasha zuri la macho, lakini chombo kinachotoka hakifai kunywea chai.

Kwenye tanuri la chumvi nilibaki hadi jua lilipozama, na huku kiangazi huzama saa tatu na dakika arobaini usiku. Njia hii ilikomazwa na Wajerumani wa bonde la Rhine mwishoni mwa Enzi za Kati. Vyombo huingizwa vikiwa havijapakwa kitu upande wa nje. Joto likipita nyuzi 1,240 chumvi ya kawaida iliyoloweshwa hutupwa ndani kupitia matundu ya pembeni, inapasuka na kugeuka mvuke, na sodiamu yake huungana na silika na alumina ya udongo papo hapo juu ya ukuta wa chombo, ikaacha glezi yenye vitone kama ganda la chungwa. Moshi mweupe unaotoka una asidi ya hidrokloriki, kwa hiyo tulisimamishwa upande upepo unakotokea, na mzee aliyelisimamia tanuri alisema kwamba wafinyanzi wengi sasa hutumia magadi badala ya chumvi ili kuepuka moshi huo. Nilipowaambia kwamba kwetu magadi huuzwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharage, na kwamba huvunwa kwa mabonge katika Ziwa Magadi na Ziwa Natron, palikuwa na ukimya mfupi wa wivu.

Mzee huyo, ambaye kwa adabu zetu nilimwita hivyo na naye akalipokea jina hilo kwa furaha, hakuwa na kipimajoto cha umeme. Alikuwa na vikoni, vipande vyembamba vya udongo maalumu vinavyopangwa nyuma ya tundu la kuchungulia, ambavyo huinama kimoja baada ya kingine kadiri joto linavyofanya kazi yake. Vile vya chapa ya Orton vimekuwa vikitengenezwa Ohio, Marekani, tangu mwaka 1896. Kikoni hakipimi nyuzi peke yake. Hupima nyuzi pamoja na muda, jinsi chombo chenyewe kinavyolihisi joto, na kwa sababu hiyo tanuri lililopanda haraka na lililopanda polepole yanaweza kuinamisha kikoni kilekile kwa nyuzi tofauti.

Nilimfungulia daftari langu lililojaa mapishi. Alilipekua, akaniuliza ninakaa kwenye mwamba gani. Swali hilo halikuwa kwenye mihadhara. Nilimweleza kwamba Tukuyu iko chini ya Mlima Rungwe, ambao ni volkano, na kwamba ukichimba kidogo unakuta tabaka za mawe mepesi yenye vitundu yaliyotapikwa zamani. Alitaka kujua pia tunalima nini. Ndizi, chai, parachichi, nilisema, na chini kule Kyela mpunga. Alilifunga daftari na kunirudishia. Mapishi haya, alieleza, ni ya watu wanaonunua feldispa ya unga kwenye mfuko. Yameandikwa kwa ajili ya duka lao. Jiwe la volkano lenye potasiamu na sodiamu nyingi linaweza kuyeyuka lenyewe likisagwa vya kutosha. Pumba za mpunga zikichomwa hadi zikawa nyeupe huacha majivu ambayo sehemu kubwa ni silika, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, nayo hutoa weupe mzito unaofanana na maziwa. Majivu ya kuni yana kalsiamu. "Basi unayo glezi tayari," alisema, "ila hujui kiasi."

Aliniketisha kwenye gogo, akachora pembetatu ardhini kwa kijiti. Kila pembe ni malighafi moja. Ukigawa kila upande katika hatua za asilimia 20, makutano ya mistari yanakupa michanganyiko 21, kila mmoja unapakwa kwenye kigae chake, na vyote huchomwa pamoja. Ukivitazama vikipangwa upya kwenye umbo la pembetatu, unaona mahali pakavu, mahali panapong'aa, na mahali ambapo glezi imetiririka ikaondoka. Pishi moja linakuonyesha nukta moja. Pembetatu inakuonyesha nchi nzima na njia ya kuzunguka ndani yake, na kwa kuwa malighafi ni zako, hakuna atakayekuja kuifunga kwa kupandisha bei. Cardew, aliongeza, alilazimika kuanza hivyohivyo Vume na Abuja, akitafuta udongo na mawe ya mahali hapo.

Jumapili

Tanuri la kuni lilifunguliwa asubuhi, bado likiwa na joto la kuunguza nyusi. Walioliwasha walipingwa na wengine waliotaka lisubiriwe, na ubishi wenyewe ulikuwa na msingi: silika iliyomo udongoni hubadili umbo lake ghafla kwenye nyuzi 573, na chombo kikipita hapo haraka wakati wa kupoa kinaweza kupasuka kutoka ukingo hadi kitako. Safari hii lilikuwa limeshapita hapo usiku. Vyombo vilitolewa vikilia kwa sauti ndogondogo za glezi inayobana kuliko udongo ulio chini yake. Upande uliokabili moto majivu yalikuwa yameanguka na kuyeyuka kuwa glezi ya kijani, bila mtu kuipaka.

Baada ya chakula cha mchana niliombwa nionyeshe chungu cha Ikombe kwenye meza ya mazoezi. Nilieleza kwanza kwamba mimi si Mkisi na kwamba ninachoonyesha nimefundishwa na Mkisi mwenyewe. Swali lililorudiwa zaidi lilihusu moto: iweje chungu kilichochomwa uwanjani peupe, kwa nyasi na kuni, kwa joto lisilofika nyuzi 900, kipikie maharage juu ya mafiga, ilhali sufuria ya udongo iliyochomwa kwa nyuzi 1,300 hupasuka ikiwekwa kwenye jiko la gesi? Jibu ni kwamba udongo ulioiva hadi kuwa kioo ni mgumu na hauna pa kutanukia, hivyo ufa ukianza hukimbia hadi mwisho. Ukuta wa chungu chetu una mchanga na vinyweleo, na ufa mdogo hukutana na tundu ukaishia hapo. Kijana mmoja alisema kwamba huu ni ufinyanzi wa hali ya chini. Dada wa Kisumu akamuuliza kwa upole kama sahani zake zinaweza kupika ugali.

Nilitumia saa zilizobaki kwenye hema la wauza vifaa. Nilinunua barakoa nzuri ya vumbi tu, kwa sababu kusaga mawe na majivu hurusha silika hewani, na mapafu hayasafishwi. Karakana yangu itapigwa deki kwa maji na haitafagiwa tena.

Jumatatu

Ndani ya treni nimechora pembetatu ya kwanza kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Pembe ya juu ni jiwe jepesi la Rungwe lililosagwa na kupitishwa kwenye chekeche la kitambaa. Pembe ya kushoto ni majivu ya pumba za Kyela, nitakayoyaomba kwenye kinu cha kukoboa mpunga, ambako hutupwa kwa marundo. Pembe ya kulia ni chokaa mbichi ya Songwe. Kaolini ya Pugu nitaiongeza asilimia 10 kwenye kila mchanganyiko ili glezi isizame chini ya ndoo na iushike ukuta wa kikombe. Nitachoma hadi karibu nyuzi 1,250, kwa kuwa mtungi wangu wa gesi hauwezi kubeba gharama ya zaidi ya hapo, na nitaweka vikoni vitatu nyuma ya tundu la kuchungulia.

Majivu ya migomba nimeyaacha nje ya pembetatu hii. Yana potasiamu nyingi ambayo ingesaidia kuyeyusha, lakini sehemu yake kubwa huyeyuka ndani ya maji, huchoma ngozi ya mikono, na huhama kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye ukuta wa chombo kabla hakijachomwa. Yatachomwa, yataoshwa mara kadhaa na kukaushwa, kisha yatapata pembetatu yao wakati parachichi zinapopogolewa, ili majivu ya miti hiyo yakae kwenye pembe ya pili.